Panya Weusi wa Syokau

Syokau alikuwa na panya mia tatu na hamsini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wake. Aliwalisha, akawanywesha, akawabadilishia maranda kila Jumanne na Ijumaa, na mwisho wa mwezi akalipwa mshahara kwa kazi hiyo, jambo ambalo majirani zetu wa Makongeni hawakuweza kulimeza. Katika ploti yetu kila mtu alikuwa vitani na panya. Huyu ametega mtego chini ya kitanda, yule amenunua sumu sokoni Thika. Halafu kuna mwanamke mtu mzima anayeamka alfajiri kwenda Ruiru kuwapa panya chakula kizuri kuliko cha watoto wa watu! Walimwita Mama Panya. Yeye aliwajibu kwamba panya wake walikuwa na adabu kuwashinda, na hawakuwa na tabia ya kusengenya.

Mimi nilikuwa jirani yake, mlango wa tatu kutoka wake. Naitwa Zainab, na kazi yangu miaka hiyo ilikuwa kupiga taipu. Ni yeye aliyeniingiza pale maabara mwaka wa 1993, aliposikia karani wao anaolewa Mombasa na harudi. Alinishika mkono kama mtoto anayepelekwa chekechea, akanifikisha mbele ya meneja, akasema, "Huyu msichana anajua taipu, na hana maneno mengi." Nusu ya hayo ilikuwa kweli. Nayasema haya mapema ili ijulikane ni nani aliyenitia kazini, kwa sababu miaka mitatu baadaye ni mimi niliyeipiga barua ya kumwaga unga wake.

Maabara yenyewe ilikuwa nje kidogo ya mji wa Ruiru, majengo matatu ya mabati mekundu yaliyopakana na shamba la kahawa. Kilichochunguzwa pale kilikuwa ugonjwa mmoja tu wa ngozi. Kuna mdudu anaitwa usubi, mdogo kuliko mbu, anayepatikana sehemu kavu kama Baringo. Akikuuma anakuachia vimelea chini ya ngozi, na baada ya wiki kadhaa panatokea kidonda kisichosikia dawa ya dukani. Watu wengine hupona wenyewe, wakabaki na kovu. Wengine huhangaika nacho miaka. Maabara ilitaka kujua kwa nini, na kwa kuwa haikuweza kuwadunga watu vidonda makusudi, ikawadunga panya.

Panya walikuwa wa aina mbili, weupe na weusi. Mweupe ukimdunga vimelea kwenye unyayo, mguu ulivimba, ukaoza, na mwisho wake ulikuwa mbaya. Mweusi alivimba vile vile, lakini kufikia wiki ya kumi amepona, na ukimdunga tena haoni kitu. Hilo lilikuwa limeandikwa vitabuni na hakuna aliyebishana nalo. Syokau aliwapenda weusi. Weupe aliwahurumia, lakini hakuwazoea, alisema hakuna haja ya kuzoeana na mtu anayeondoka.

Alizaliwa Masinga, kifungua mimba wa mzee mwenye mbuzi wengi na, kwa muda mrefu, wasichana watupu. Basi yeye ndiye aliyechunga mpaka akatimiza miaka kumi na minne. Aliolewa na utingo wa lori, utingo akafa barabarani, naye akaja Thika na binti yake Jackie mgongoni. Alivuna mananasi misimu miwili, akaosha vyombo hotelini, na mwaka wa 1989 akapata kazi ya panya. Hakubadili alichojua. Kila asubuhi alipita kwenye vizimba akiwakagua kama mtu anayefungua zizi, akawasemesha Kikamba, na aliyenyong'onyea alimjua kabla hata hajamwekea maji. Alikuwa mnene, mwenye gambuti nyeusi na kitambaa cha kanisani kichwani, na mikono yake mikubwa ilimshika panya kwa upole mpaka panya akasahau kuuma.

Mtafiti aliyefanya naye kazi alikuwa Daktari Barasa, mtu mrefu asiyejua kuchana nywele. Yeye alikuwa na swali lake. Alichukua kovu la panya mweusi aliyekwisha kupona miezi minne, akalisaga, akalitia kwenye chupa ya maji yenye chakula cha vimelea. Baada ya wiki moja vimelea vilikuwa vikiogelea mle, hai kabisa. Kumbe panya aliyepona hakuwa mtupu. Mwili ulishinda vita, lakini ukawaacha maadui wachache wakae kwenye kovu maisha yote. Barasa akajiuliza ni nani aliyeuzuia mwili usiwamalize.

Jibu lake lilimletea kicheko. Alidai kwamba pamoja na seli zinazopigana, ambazo kila mtu anazijua, kuna nyingine ambazo kazi yake ni kuwazuia wapiganaji wasipitilize, maana wakiachwa wataibomoa ngozi yenyewe pamoja na kimelea. Wenzake wa Nairobi walimwambia wazo hilo ni la zamani, limetupwa miaka kumi nyuma, na anayelichimbua anatafuta kuchekwa. Barasa alicheka nao mkutanoni, kisha akarudi Ruiru amenuna, akaniamuru nipige barua kwa rafiki yake wa ng'ambo. Rafiki akatuma dawa, vichupa vidogo kwenye sanduku la barafu, dawa ya kuziondoa hizo seli zake za kuzuia.

Hiyo ilikuwa mapema 1996. Walichukua kundi la panya weusi waliokwisha kupona, wakaligawa mara mbili. Nusu walidungwa dawa ile, nusu wakadungwa maji ya chumvi. Waliopata dawa makovu yao yaliwaka mekundu wiki mbili, kisha yakatulia. Barasa akapima wachache wao, akakuta hamna kimelea hata kimoja. Walikuwa wamepona mpaka ndani! Siku hiyo alinunulia kila mtu soda na mandazi, hata askari wa getini. Likabaki jambo dogo la kukamilisha: kuwadunga wote tena vimelea, kwenye mguu wa pili, ili ionekane jinsi waliopona mpaka ndani walivyo imara.

Wiki ya tatu wale wa maji ya chumvi hawakuwa na kitu. Wale wa dawa miguu ilikuwa imevimba kama ya panya ambaye hajawahi kuugua tangu azaliwe.

Hapo ndipo alipoingia Bwana Kagwe, meneja wa nyumba ya wanyama. Sitaki kumpaka matope. Alikuwa mtu wa utaratibu, faili zake zilinyooka, na kila mhudumu alimtendea sawa na mwenzake. Lakini alikuwa na jibu la kila kitu kabla ya swali kuisha. Akasema jambo liko wazi: panya wanaougua kama panya wapya ni panya wapya. Wahudumu wa wanyama wana ujanja wao wa siku nyingi. Kizimba kikibaki wazi, panya wakatoroka, mhudumu anaenda stoo, anachukua wengine wa rangi ile ile, anajaza nafasi, ananyamaza. Panya weusi wote wanafanana. Rangi ya manjano waliyopakwa mgongoni iwe alama ilikuwa imekwisha kulambwa zamani. Na aliyekuwa akivifungua vizimba hivyo mara mbili kwa wiki alikuwa mtu mmoja tu.

Nami nilimsadiki. Nasema bila kuficha kwamba nilimsadiki, kwa sababu maneno yake yalipangika vizuri na nilikuwa ninayapiga taipu.

Alhamisi Kagwe alimwita Syokau ofisini. Mlango wangu ulikuwa wazi, nikasikia kila kitu.

"Mama Jackie, mimi sitaki kukufuta kazi," alimwambia. "Umekaa hapa miaka saba. Hii karatasi inasema ulichanganya hizo panya kwa bahati mbaya. Wewe tia saini tu. Nakupatia barua ya onyo, Daktari anaanza upya, mimi nafunga faili. Yaishe."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, itabidi niseme ulificha. Hiyo ni kufutwa. Nimeandikisha barua tayari."

Barua ilikuwa kwenye mashine yangu, haijafika mwisho. Syokau aliomba apewe mpaka kesho. Alipopita mezani pangu aliitazama ile karatasi, kisha akanitazama mimi. Nilijifanya natafuta kifutio.

Jioni tulikutana kwenye mfereji wa ploti, kila mtu na mtungi wake. Nilitaka kuzungumzia mvua. Yeye akaenda moja kwa moja.

"Zainabu, wale panya sikuwachanganya."

"Mama Jackie, wote ni weusi. Utajuaje?"

"Nawajua. Niliwakata masikio."

Nilidhani anatania. Kumbe sivyo. Kwao Masinga, alinieleza, ugonjwa ukipita zizini, mbuzi aliyeugua akapona hauzwi. Baba yake alimkata alama masikioni, mikato miwili ukingoni mwa sikio la kushoto na mmoja kwenye ncha ya la kulia, ili ijulikane huyu amekwisha kupita kwenye moto na ugonjwa ule ukirudi hautamshika. Hao ndio mbuzi waliobakiza zizi hai. Basi na yeye kila panya mweusi alipopona, kabla hajarudishwa kwenye kizimba, alimtia alama ile ile kwa mkasi wake mdogo wa kucha uliooshwa kwa spiriti. Hakutumwa na mtu. Aliona tu si vizuri mnyama apone halafu asijulikane. Panya dume hung'atana masikio kila siku, hivyo hakuna aliyeshangaa kuona sikio lenye pengo, na Daktari macho yake yalikuwa kwenye miguu tu.

"Sasa si useme!" nilimwambia.

"Niseme? Nani alifutwa kazi mwaka jana?"

Nikakumbuka. Wafadhili walikuwa wamelalamika kuhusu wanyama kuumizwa ovyo, na Kagwe akatoa sheria: mhudumu hakati, hatoboi, hachomi mnyama yeyote bila idhini ya maandishi. Tuliitia sahihi wote, hata mimi nisiyewagusa. Kijana mmoja alitoboa masikio ya sungura, akafutwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo Syokau alikuwa na njia mbili. Atie sahihi uongo, abaki na kazi. Au aonyeshe masikio, asafike kwa kosa asilolifanya, afutwe kwa lile alilolifanya.

"Tia sahihi," nilisema. Ndiyo ushauri niliompa. "Jackie yuko fomu tatu. Karatasi ni karatasi tu, nani ataisoma?"

Alijaza mtungi wake mpaka ukafurika, akalifunga bomba.

"Nimewaona wanaugua na alama yangu masikioni," alisema. "Wiki mbili nimewatazama, nasema labda macho yangu. Mnyama aliyepona haugui tena, baba yangu hakuwa mjinga. Hawa wameugua. Kuna kitu hapo, Zainabu. Nikisaini, Daktari atawatupa, na hicho kitu hakuna mtu atakijua."

"Na wewe utakula hicho kitu?"

Aliinua mtungi wake akaingia ndani. Nilikuwa na hasira naye, na sasa najua hasira ile ilikuwa woga wangu mwenyewe. Niliogopa kuimaliza ile barua.

Ijumaa ilikuwa siku ya maranda. Syokau alianza kazi kama kawaida, na saa nne akaniomba nimwite Daktari na meneja, waje kwenye chumba cha panya, nami nije. Tulisimama mlangoni tukiwa tumevaa makoti meupe, Kagwe na kalamu tayari mkononi. Syokau alimwinua panya mmoja wa kundi la dawa, mguu umevimba, akalifungua sikio lake la kushoto kwa kidole.

"Daktari, angalia hapa. Miwili. Na huku mmoja. Huyu nilimkata siku aliyopona, mwezi wa kumi na mbili. Angalia na huyu."

Kizimba baada ya kizimba aliwatoa wote waliobaki. Alama ilikuwa ile ile, mahali pale pale. Barasa hakuridhika, akaenda mwenyewe stoo na taa ya mkononi, akapekua masikio ya panya wapya mmoja mmoja karibu saa nzima. Hakuna hata mmoja mwenye alama. Aliporudi, aliketi juu ya gunia la maranda na koti lake jeupe.

"Kwa hivyo ni wenyewe," alisema. "Walipona, nikawaponya zaidi, na sasa wanaugua."

"Daktari, ile dawa yako iliondoa nini?" Syokau aliuliza.

"Zile seli za kuzuia. Zinazowaambia wengine basi, imetosha."

Syokau alifikiri huku akimrudisha panya kizimbani.

"Kwetu mama yangu hakuwa akizima moto wote," alisema. "Makaa alikuwa anayafunika na jivu. Moto hauchomi nyumba, na haufi. Asubuhi unapuliza tu, unawaka. Sasa wewe umetoa jivu. Makaa yakawaka yote yakaisha. Umemdunga tena, anapuliza, hakuna moto."

Barasa akasema polepole, kana kwamba anatusomea, kuwa vile vimelea vichache kwenye kovu ndivyo vilivyoufanya mwili ukae macho, na seli za kuzuia, kwa kuvihifadhi, ndizo zilizohifadhi kinga. Ukizitoa, unapona kabisa, na mwili unasahau. Miaka minne alikuwa amezidhani kizuizi. Alikuwa na machozi, na hakuyaficha. Nilijisikia mdogo kuliko panya, mimi na taipu yangu.

Kagwe alikuwa amekwisha kuandika kwenye daftari lake.

"Sawa," alisema. "Panya hawakuchanganywa, hiyo naondoa. Lakini Mama Jackie, umekata wanyama."

"Nimekata."

"Bila idhini."

"Bila."

"Haiya, Kagwe!" Barasa aliruka kutoka guniani. "Huyu mama ameokoa kazi ya miaka minne!"

"Ameokoa, na amekata. Hayo ni maneno mawili, Daktari. Yule kijana wa sungura nilimfuta. Huyu nimwache kwa sababu kosa lake lilileta mazuri?"

Walibishana mpaka chakula cha mchana. Barasa alipiga simu makao makuu Nairobi, akaambiwa sheria ni sheria ya wafadhili. Akarudi akasema atalipeleka juu zaidi, na kweli alilipeleka, kwa barua tatu nilizozipiga mimi, na hazikujibiwa. Niseme hapa hapa nisije nikasahau: mwaka uliofuata alirudia jaribio lote kwa panya wengine, akapata jambo lile lile. Aliliandika kwenye ripoti ya kurasa kumi na nne. Nairobi wakaiweka kabatini, fedha za mradi zikaisha mwaka wa 1998, na majengo yale yakachukuliwa na watu wa kufuga kuku. Syokau alirudi hotelini kuosha vyombo, Jackie akamaliza shule kwa shida, lakini akamaliza.

Ila nilikuwa kwenye Ijumaa ile. Saa tisa Kagwe aliniletea mwandiko wake. Ilinibidi niitoe barua ya jana kwenye mashine na kuanza nyingine, kwa kuwa sababu ilikuwa imebadilika. Nilipiga polepole kuliko siku zote. Nilikosea makusudi mara mbili, nikachana, nikaanza tena, kana kwamba saa ikifika kumi na moja ofisi itafungwa na mambo yatafutika. Syokau alikaa kwenye benchi mbele yangu, gambuti ameshavua, mikono mapajani. Barasa alisimama dirishani akitazama nje.

Nilipomaliza nilimpa asome kabla haijatiwa sahihi, ndivyo utaratibu ulivyotaka. Aliisoma akifuata mistari kwa kidole, midomo ikitembea. Alifika chini, akarudi katikati, akatulia pale.

"Zainabu," alisema, "hapa umeandika nimekata panya ishirini na wanne."

"Ndivyo Bwana Kagwe alivyoandika, Mama Jackie. Ndiyo idadi iliyo kwenye faili."

"Ni ishirini na watatu. Mmoja alikufa kabla hajapona. Huyo sikumkata."

Nilimtazama Barasa, lakini hakugeuka. Nikachukua karatasi nyingine, nikaiingiza kwenye mashine, nikaipiga barua yote upya kuanzia juu, na nilipofika pale nikaandika ishirini na watatu. Syokau aliisoma tena mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali, akanirudishia. Kagwe akaitia sahihi bila kuisoma.